Mamlaka ya Maarifa katika Ushirikiano wa Wasanii na Wanazuoni wa Dansi ya Kiklasiki ya Kihindi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna wasanii na wanazuoni walivyoshirikiana kuiandika, kuipanga na kuifufua dansi ya kiklasiki ya Kihindi katika karne ya 20. Hoja kuu ni kwamba kushirikiana peke yake si sifa ya kutosha. La kuchunguzwa ni nani kati ya pande hizo mbili alikuwa na mamlaka ya kumsahihisha mwenzake pale matini na mwili vilipotofautiana. Hoja hiyo inapimwa kwa mifano mitatu: kitabu cha Balasaraswati na V. Raghavan (1959), kikundi cha Jayantika huko Odisha, na utafiti wa Padma Subrahmanyam kuhusu mienendo inayoitwa karana. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba ushirikiano wenye tija ya kitaaluma ni ule unaoacha ushahidi wa mwanazuoni kubadilika kutokana na maarifa ya msanii.

1.0 Utangulizi

Historia ya dansi ya kiklasiki ya Kihindi husimuliwa kwa kuweka mambo mawili bega kwa bega. La kwanza ni matini, hususani Natyashastra, kitabu cha Kisanskriti kinachonasibishwa na Bharata, ambacho wataalamu wengi hukiweka kati ya karne ya 2 KK na karne ya 2 BK. La pili ni mwili wa mchezaji, uliofundishwa na mwalimu wake, naye akafundishwa na mwalimu wake, bila kitabu kufunguliwa. Masimulizi yaliyozoeleka hudai kwamba viwili hivi ni kitu kimoja: kwamba mwili hutenda kile ambacho kitabu kilishakisema. Dai hilo ndilo lililowapa wanazuoni nafasi kubwa katika sanaa hii, na ndilo linalohitaji kuhakikiwa.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inafaa kufafanuliwa. Katika Sangitaratnakara, kitabu cha Sarngadeva cha karne ya 13, neno sangita linajumuisha kuimba, kupiga ala na kucheza. Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuielewa dhana hiyo, kwa kuwa neno ngoma nalo hubeba kwa pamoja chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa na shughuli yenyewe inayowakutanisha watu. Lugha zote mbili zinakumbusha kwamba mtendaji hagawanyi sanaa yake vipande. Mgawanyo huletwa na taaluma: mmoja anasoma matini, mwingine michongo, mwingine muziki. Kwa hiyo msanii anapokutana na wanazuoni hukutana na watu ambao kila mmoja ameshika sehemu ya kitu ambacho yeye anacho kizima.

2.0 Usuli wa ushirikiano

Matini za dansi zilianza kupatikana kwa urahisi zaidi mapema katika karne ya 20. Mwaka 1917 Ananda Coomaraswamy na Gopala Kristnayya Duggirala walichapisha tafsiri ya Abhinaya Darpana, kitabu cha Nandikeshvara kinachoeleza ishara za mikono, macho na kichwa. Mwaka 1926 lilitoka Baroda juzuu la kwanza la Natyashastra pamoja na ufafanuzi wa Abhinavagupta, likiwa limehaririwa na Ramakrishna Kavi. Wasomi wa mijini walipata hazina ambayo wachezaji wengi wa wakati huo hawakuwa wameisoma.

Miaka hiyohiyo wachezaji wenyewe walikuwa katika hali ngumu. Katika eneo la Madras dansi iliyoitwa sadir ilishikiliwa na wanawake wa koo za urithi, wengi wao wakiitwa devadasi, na kufundishwa na wanaume walioitwa nattuvanar. Kampeni za kijamii ziliwatazama wanawake hao kuwa aibu ya taifa, na mwaka 1947 sheria ikapiga marufuku kuwaweka wakfu wasichana mahekaluni. Upande wa pili, Music Academy ya Madras, iliyoanzishwa mwaka 1928, ilianza kuiweka dansi hiyo jukwaani kwa juhudi za mwanasheria E. Krishna Iyer. Mapema katika miaka ya 1930 jina sadir likaachwa na nafasi yake ikachukuliwa na Bharatanatyam. Mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Brahmin, aliasisi Kalakshetra. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa Mylapore Gowri Ammal, aliyetoka katika ukoo wa urithi, na kwa Pandanallur Meenakshisundaram Pillai, nattuvanar mashuhuri.

Mpangilio huu wa matukio una uzito wake. Matini ya kale iliipa dansi nasaba ya heshima wakati uleule walioibeba miilini walipokuwa wakivuliwa heshima. Mwanazuoni alifika akiwa na kitabu kinachotukuzwa, na msanii akiwa na ukoo unaotiliwa shaka. Hakuna ushirikiano wa kipindi hiki unaoweza kuhakikiwa kwa haki bila kuzingatia kwamba mizani haikuwa sawa tangu mwanzo.

3.0 Kigezo cha uhakiki

Makala yanatumia maswali matatu. Kwanza, ni nani anatajwa kuwa mwenye maarifa: je, msanii ni mwandishi, au ni chanzo tu cha data? Pili, ushirikiano uliandikwa kwa lugha gani, na je, wenye sanaa waliweza kuyasoma yaliyoandikwa juu yao? Tatu, pale matini iliposema hivi na mwili ukatenda vile, ni kipi kilichorekebishwa? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Jina la msanii linaweza kuwekwa kwenye jalada kwa adabu tu, na lugha inaweza kuchaguliwa kwa ajili ya soko. Lakini mwanazuoni anayekubali kwamba usomaji wake wa matini umepingwa na mguu wa mchezaji amekubali kwamba mguu huo nao ni hoja.

4.0 Balasaraswati na Raghavan: waandishi wawili

T. Balasaraswati (1918–1984) alitoka katika ukoo wa urithi wenye wanamuziki wakubwa. Bibi yake, Dhanammal, alikuwa mpiga vina aliyesifika, na mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji aliyemwimbia bintiye jukwaani. Mwalimu wake wa dansi alikuwa Kandappa Pillai. V. Raghavan (1908–1979) alikuwa profesa wa Kisanskriti katika Chuo Kikuu cha Madras na kwa miaka mingi katibu wa Music Academy. Mwaka 1959 wawili hao walichapisha kwa Kitamili kitabu kiitwacho Bharatanatyam, kikiwa na majina yao yote mawili.

Kwa swali la kwanza na la pili, kitabu hiki kinavuka kipimo. Balasaraswati hatajwi katika shukrani wala katika orodha ya waliohojiwa, ni mwandishi. Lugha nayo ina maana kubwa. Raghavan alikuwa na uwezo kamili wa kuandika kwa Kiingereza na Kisanskriti, lugha ambazo zingempatia wasomaji wa vyuo vikuu vya mbali. Kitamili ni mojawapo ya lugha za mashairi yaliyochezwa, lugha ya darasani kwa nattuvanar na lugha ya nyumbani kwa Balasaraswati. Maarifa yalirudishwa pale yalipotoka, mahali ambapo wenyewe wangeweza kuyasoma na kuyakosoa.

Swali la tatu linajibiwa vizuri zaidi tukitazama mbali na kitabu hicho. Rukmini Devi na wafuasi wake walijaribu kuisafisha dansi kwa kupunguza sringara, yaani hisia ya mahaba, na kuitanguliza bhakti, ibada. Balasaraswati alipinga. Kwake, sringara ilikuwa kilele cha hisia zote, na hapakuwa na haja ya kuisafisha kwa kuwa haikuwa na uchafu. Hoja hiyo hakuipata katika ukurasa; aliipata katika padam, nyimbo za taratibu ambazo alizicheza mstari mmoja ukirudiwa kwa sura nyingi za uso na mkono. Mwaka 1975, katika hotuba yake mbele ya Tamil Isai Sangam, alieleza mpangilio wa onesho zima kwa mfano wa hekalu. Alarippu, dansi fupi ya kufungulia, ni lango lenye mnara. Jatisvaram na sabdam ni kumbi za nje na za ndani. Varnam inamfikisha mtu mbele ya mungu. Padam ni utulivu wa chumba kitakatifu. Na tillana ya kumalizia ni kafuri inayowashwa mwishoni mwa ibada.

Maelezo haya ni nadharia kwa kila maana ya neno hilo. Yanaeleza kwa nini vipengele vinafuatana hivyo na si vinginevyo, na yanatoa kigezo cha kuwapinga wanaobadilisha mpangilio kwa ajili ya kufurahisha hadhira. Mpangilio wenyewe haukutoka Natyashastra. Unahusishwa na ndugu wanne wa Thanjavur, walimu wa dansi na muziki wa mwanzoni mwa karne ya 19. Hapa msanii anakitafsiri kitu ambacho matini ya kale haikukijua. Mhakiki anaweza kupinga kwamba Balasaraswati alipata nafasi hiyo kwa sababu alikuwa na kipaji cha pekee na mlinzi mwenye cheo, na kwamba wanawake wengine wa koo za urithi hawakuipata. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini haliuondoi uthabiti wa mfano. Linaonesha tu kwamba kilichowezekana kwa mmoja kilinyimwa wengi.

5.0 Jayantika: baraza lililokosa wanawake

Mfano wa pili unatoka Odisha, jimbo lililotenganishwa na Bihar mwaka 1936 na kubaki na kiu ya kuthibitisha utamaduni wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walimu na wanazuoni walikutana mjini Cuttack wakaunda kikundi cha Jayantika. Miongoni mwao walikuwa walimu Pankaj Charan Das, Kelucharan Mohapatra, Deba Prasad Das na Mayadhar Raut, pamoja na wanazuoni kama Kalicharan Patnaik na Dhirendranath Patnaik. Lengo lao lilikuwa kuipatia dansi ya Odissi mfumo unaofanana: majina ya mikao, mpangilio wa onesho na ushahidi wa kuwashawishi wakuu wa utamaduni huko Delhi kwamba hii nayo ni dansi ya kiklasiki.

Kwa kiwango fulani Jayantika ni ushirikiano wa hali ya juu kuliko ule wa Madras, kwa sababu walimu walikuwa wengi, waliketi pamoja na kubishana. Wanazuoni walileta Abhinaya Chandrika, matini ya Odisha yenyewe, na michongo ya mahekalu, hasa ile ya Konark ya karne ya 13. Walimu walileta dansi za gotipua, wavulana wanaocheza wakiwa wamevaa kike, ambazo baadhi yao walizicheza utotoni. Batu nritya ni tunda la mkutano huo. Ndani yake mchezaji anasimama kama sanamu ya mwanamke anayepiga vina, kisha ngoma, kisha filimbi, kisha matoazi, na kati ya sanamu moja na nyingine mwili unajaza kile ambacho jiwe haliwezi kukionesha: uzito unahamaje, pumzi inakaa wapi, mdundo unaingilia wapi. Jiwe lilitoa mikao na walimu wakatoa mwendo. Hapo hakuna upande uliomtumikia mwenzake.

Kasoro iko kwingine. Katika hekalu la Jagannath mjini Puri walikuwapo mahari, wanawake waliomwimbia na kumchezea mungu huyo kwa zamu za kila siku. Dansi yao ndiyo iliyotajwa kuwa chimbuko tukufu la Odissi, lakini hawakuketi katika baraza lililoamua Odissi ni nini. Aliyekaribia kuwawakilisha ni Pankaj Charan Das, aliyelelewa katika familia ya mahari. Mahari wakawa asili inayotajwa, ilhali wakiwa bado hai na wanaweza kuulizwa. Sashimani Devi, anayetambuliwa kuwa mahari wa mwisho wa hekalu hilo, alifariki mwaka 2015, zaidi ya nusu karne baada ya Jayantika kumaliza kazi yake.

Kwa swali la tatu, basi, Jayantika ilikubali kusahihishwa na mwili wa gotipua lakini si na mwili wa mahari. Utetezi wa kawaida ni kwamba hali ya kijamii ya wakati ule isingeruhusu. Utetezi huo unaeleza sababu bila kuondoa hasara. Baraza lilipofunga mfumo, lilifunga pia mlango wa kujua kama mikao iliyosomwa kwenye jiwe la Konark ilifanana na ile iliyochezwa Puri asubuhi ya siku hiyohiyo.

6.0 Padma Subrahmanyam: mwanazuoni na msanii katika mtu mmoja

Mfano wa tatu unaonekana kulimaliza tatizo, kwa kuwa pande mbili zimekutana katika mtu mmoja. Padma Subrahmanyam, aliyezaliwa mwaka 1943, alifundishwa na Vazhuvoor Ramiah Pillai na baadaye akaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu karana 108 zinazoelezwa katika sura ya nne ya Natyashastra. Kabla yake wanazuoni walikuwa wameshalinganisha beti hizo na michongo ya hekalu la Chidambaram, kama ilivyofanywa katika Tandava Laksanam (1936). Katika hekalu kubwa la Thanjavur karana 81 zimechongwa na sehemu zilizobaki zikaachwa tupu.

Mchango wake unaeleweka tukichukua karana ya kwanza, talapushpaputa. Beti inaagiza mambo machache: mikono ikutane kama inayobeba maua, iwe upande wa kushoto, mguu ukanyage kwa sehemu ya mbele ya wayo, na ubavu uinamishwe. Haisemi mikono inatoka wapi, inafika kwa kasi gani, wala mwili unaondokaje hapo. Msomaji asiyecheza huiona picha. Subrahmanyam, kwa kuwa ni mchezaji, aliona kwamba agizo la namna hiyo haliwezi kuwa mkao uliosimama. Kila karana, alidai, ni kipande cha mwendo, na mchongo hekaluni umekamata nukta moja tu ya mwendo huo. Maarifa ya mwili hapa yamefanya kile ambacho falsafa ya lugha peke yake isingefanya: yameuliza kabla na baada.

Hata hivyo, mfano huu unaonesha pia mpaka wa kumweka mwanazuoni na msanii katika mtu mmoja. Beti inapoacha pengo, pengo hujazwa na mazoea ya mwili unaoisoma. Mwili uliolelewa katika mtindo wa Vazhuvoor utapendekeza mwendo mmoja. Mwili wa mchezaji wa Odissi, au wa Kathakali, ungeweza kupendekeza mwingine, na beti isingemkana yeyote. Kwa kuwa msomaji na mtendaji ni mtu mmoja, hakuna wa pili wa kusema kwamba linawezekana jingine. Alipokwenda kulinganisha na michongo ya Prambanan, kisiwani Java, alipata ushahidi zaidi wa jiwe, lakini si mwili mwingine wa kubishana nao. Kazi yake inabaki kuwa kubwa. Inachokosa ni ule ubishi uliokuwapo ndani ya Jayantika.

7.0 Wanazuoni waliokaa chini kujifunza

Kundi jingine la watafiti lilielekea kwa wale walioachwa. Frédérique Apffel-Marglin, aliyejifunza kucheza Odissi, alifanya utafiti miongoni mwa mahari wa Puri na kuchapisha kitabu chake mwaka 1985. Saskia Kersenboom alijifunza kwa P. Ranganayaki, aliyewahi kuhudumu katika hekalu la Tiruttani, na kitabu chake Nityasumangali kikatoka mwaka 1987. Davesh Soneji, katika kitabu chake cha mwaka 2012, alifuatilia nyimbo na kumbukumbu za wanawake wa koo za urithi wa Kitamili na Kitelugu, akionesha kwamba dansi iliendelea kuishi majumbani baada ya sheria kuifukuza mahekaluni.

Kazi hizi zinastahili sifa kwa sababu zimebadilisha maswali. Kabla yake, devadasi alikuwa ama mtakatifu wa zama za kale ama mwathirika wa kuokolewa. Baada yake, ni mtu mwenye repertoa, kumbukumbu na maoni kuhusu sanaa yake. Lakini kwa kigezo cha kwanza bado kuna deni. Jina kwenye jalada ni la mtafiti. Mwanamke aliyeimba hadi kaseti ikajaa anakutwa ndani ya sura, akinukuliwa. Ukilinganisha na kitabu cha mwaka 1959, taaluma imesonga mbele katika nadharia ya usawa huku ikirudi nyuma katika utendaji wake.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba mifano yote mitatu ilikuwa ya ushirikiano wa kweli, na kwamba neno hilo peke yake halitoshi kuitathmini. Balasaraswati na Raghavan walifika mbali zaidi kwa kuwa msanii alikuwa mwandishi, lugha ilikuwa yake, na nadharia yake ilisimama bila kuomba kibali cha Natyashastra. Jayantika ilizalisha maarifa mapya kwa njia ya ubishi wa walimu, ila iliwatenga waliokuwa na haki ya kwanza ya kubisha. Subrahmanyam alithibitisha kwamba mwili ni chombo cha utafiti, akaacha wazi swali la mwili wa nani.

Matokeo haya yanaugusa uandishi wa tasnifu za fasihi simulizi na sanaa za maonesho kwa Kiswahili, ingawa dansi iliyochunguzwa ni ya mbali. Katika tasnifu zetu ni desturi manju wa ngoma, mwimbaji au mtambaji kutajwa kuwa mtoataarifa, umri na kijiji chake vikaandikwa katika kiambatisho, na uchanganuzi ukaachiwa nadharia iliyoteuliwa kabla mtafiti hajafika uwandani. Makala yanapendekeza hatua mbili zinazotekelezeka. Ya kwanza ni kuirudisha rasimu ya uchanganuzi kwa msanii, kwa lugha anayoisoma au anayoisikia, na kuandika wazi alichokikataa. Ya pili ni watahini kuuliza swali moja la ziada wakati wa utetezi: ni wapi katika tasnifu hii maelezo ya msanii yamebadilisha hoja ya mtafiti? Tasnifu isiyo na ukurasa hata mmoja wa kujibu swali hilo itakuwa imemtumia msanii bila kushirikiana naye.